Je, Wajua? Vita vya Gazi, Majoreni na Mwele

Matatu ya Lunga Lunga ikishatoka Likoni hupita Kombani, Ukunda, Gazi na Msambweni, na abiria wengi hawana habari kwamba wamekatiza uwanja wa vita. Kwa wageni, hii ni barabara ya kwendea Diani. Kwa wenyeji ni njia ya shambani, hospitali na mpakani. Mwaka 1914 ilikuwa njia ya kuiteka Mombasa.

Je, wajua kwamba Wajerumani walifika hadi Gazi? Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa na miezi miwili tu tangu vianze Ulaya. Kikosi chao kilivuka mpaka kutoka upande wa Tanga, kikapanda na pwani mpaka kikabakisha kilomita 50 hivi kuifikia Mombasa. Walichokitaka kinaeleweka ukitazama ramani. Mombasa ndiko kulikokuwa na bandari ya Kilindini, na ndiko ilikoanzia reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Silaha, chakula na askari wa Waingereza waliokwenda bara wote waliingilia mlango huo mmoja, nao mlango wenyewe upande wa kusini ulilindwa na vijiji vya Wadigo.

Wajua kwamba vita hivyo viliwapiganisha watu wa ukoo mmoja? Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioanzia kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea bara. Hakuna Mdigo aliyeulizwa. Tangu siku hiyo Wadigo wa Kwale na Wadigo wa Tanga wakajikuta pande mbili za mpaka, ilhali mazishi na harusi zao ziliendelea kuvuka Umba kama zamani. Vita vilipokuja, kila upande ulichukua watu wake kuwa askari, wapagazi na waonyesha njia. Mimi naliona hilo kuwa chungu kuliko lolote lililoandikwa na majenerali katika vitabu vyao.

Ukiwazia vita hivyo vya 1914, usiwazie vifaru; havikuwepo. Kifaru cha kwanza duniani kiliingia vitani 15 Septemba 1916 huko Flers, Ufaransa, karibu miaka miwili baada ya Gazi. Magari ya deraya aina ya Rolls-Royce yaliletwa Kenya mwaka 1915, lakini yalipelekwa upande wa Taita na Kilimanjaro, ambako nchi ni wazi na magurudumu yanaweza kupita. Huku kusini palikuwa na vichaka, mikoko, mashamba ya minazi na mbung'o wa Shimba waliowaua farasi na ng'ombe wa kukokota. Silaha iliyoamua mambo ilikuwa bombomu, na aliyeibeba alikuwa mtu, begani.

         



Je, wajua kwamba Gazi ilikuwa na historia ya vita hata kabla ya Wajerumani? Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman na Unguja aliwang'oa Wamazrui katika uliwali wa Mombasa, walioushika kwa karibu miaka mia. Waliosalimika waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, kaskazini, na wengine wakashuka Gazi. Hao wa Gazi ndio waliomzaa Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui. Mbaruk hakukubali kuisahau Mombasa. Aliishi akipigana na masultani wa Unguja, akipatana nao, akipigana nao tena, kwa miongo kadhaa. Nyumba yake ya Gazi bado imesimama, na kwa miaka mingi imetumika kuwa shule ya msingi. Watoto wa Gazi wamejifunza kusoma ndani ya kuta za mtu aliyezisumbua dola mbili.

Wajua Mwele ni wapi? Ni ndani, nyuma ya vilima vya Shimba, na ndiko Mbaruk alikokuwa na ngome yake ya msituni. Kila aliposhindwa Gazi alipanda Mwele. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa majeshi yake, akaizingira Mwele na kuivunja. Mbaruk akaponyoka, kisha akarudi.

Mwaka 1895 ugomvi wa urithi wa Takaungu uliwasha moto pwani nzima. Waingereza, waliokuwa wameshaitangaza nchi kuwa himaya yao, walimchagua mrithi waliyempenda wao, na Wamazrui waliodhulumiwa wakakimbilia kwa mzee wao wa Gazi. Mwezi Agosti Admirali Harry Rawson aliwashusha mabaharia wake na kuwapandisha Mwele kwa miguu, wakaitwaa tarehe 17. Mathews yule yule alikuwepo tena, na safari hii alipigwa risasi. Waliopigana huko walipewa nishani ambayo ukingoni mwake pamechorwa jina la Mwele na mwaka 1895. Jina la msitu wa Kwale limo humo.

Mbaruk hakukamatwa. Alipigana msituni hadi Aprili 1896, kisha akavuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Laiti angaliishi miaka minne zaidi, angaliona Wajerumani waliompa hifadhi wakishambulia mji wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba mwaka 1914 walioizuia njia ya Majoreni, kusini mwa Gazi, walikuwa Waarabu wa Mombasa wakiongozwa na Mwingereza aliyewahi kuhiji Makka kwa siri? Huyo ni Arthur Wavell, na kisa chake kinastahili nafasi zaidi ya mistari miwili. Alizaliwa 1882, akawa askari, kisha akaja kuishi karibu na Mombasa na kulima. Akajifunza Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1908 aliondoka kwenda Hijazi kwa jina la Ali bin Mohammed, akijitambulisha kuwa mtu wa Unguja, akiwa na wenzake wawili: Mwarabu mmoja kutoka Halab na Mswahili wa Mombasa aliyeitwa Masaudi. Walipanda reli mpya ya Hijazi kutoka Damascus hadi Madina, wakahiji. Kugunduliwa kungemgharimu uhai. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1912. Wasomaji wa Ulaya walimshangilia Wavell, lakini kila ukurasa wa safari ile unamtegemea Masaudi, aliyeijua dini, aliyejua adabu za watu, na aliyekuwa tayari kufa na mwajiri wake. Huko nyumbani Mombasa, jina lake halijawekwa popote ninapopafahamu, na hilo ni deni.

Vita vilipotangazwa, Wavell alikusanya Waarabu wa Mombasa, wakiwemo Washihiri waliozoea kazi ngumu za mjini na bandarini, akawapa bunduki. Kikosi chao kikajulikana kama Arab Rifles. Mwezi Septemba 1914 kilikuwa Majoreni, ng'ambo ya mto Ramisi, mbele kabisa ya kila mtu. Wajerumani walikuja kwa nguvu kubwa zaidi. Waarabu wale walishika mahali pao, Wavell akajeruhiwa vibaya, na muda uliopatikana hapo ndio uliowawezesha wengine kujipanga Gazi.

Wajua siku hizo hizo baharini kulikuwaje? Alfajiri ya tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia bandarini Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus. Kwa hiyo Mombasa ilikuwa na adui anayekuja kwa barabara ya kusini na adui mwingine asiyejulikana aliko baharini. Königsberg ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji, na huko ikaangamizwa Julai 1915.

Mkono wa kulinda nchi nzima ulikuwa mfupi. Jeshi la King's African Rifles (KAR), la Waafrika chini ya maofisa Waingereza, kuanzia Kenya na Uganda mpaka Malawi, lilikuwa na askari kama 2,300 tu vita vilipoanza, nao walikuwa wametawanyika mbali. Ndiyo sababu walioletwa kuokoa pwani walitoka Bara Hindi. Kikosi cha 29th Punjabis kilitua Mombasa mwanzoni mwa Septemba, kikafuatwa na askari wa wafalme wa Kihindi, miongoni mwao watu wa Jind.

Sasa Gazi yenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1914 Wajerumani walishambulia. Waliokuwa upande wa ulinzi ni KAR, Waarabu wa Mombasa na askari wa Jind, chini ya Meja Hawthorn. Fikiria watu hao: Mnyasa, Mshihiri na Mhindi wa Punjab, kila mmoja na lugha yake, wamelala ubavu kwa ubavu katika minazi ya Gazi kuilinda bandari isiyokuwa yao.  Risasi zilipokolea Hawthorn alijeruhiwa. Maofisa wengine Wazungu wa kombania ya KAR nao wakaanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka hakusalia hata mmoja wa kutoa amri.

Je, wajua nani aliyeshika uongozi? Ni Sajini Sumani. Katika jeshi la wakati ule Mwafrika hakupewa kamisheni kamili ya uofisa. Mafunzo yote yalijengwa juu ya imani kwamba bila Mzungu mbele askari watatawanyika. Sumani aliichukua kombania, akawapeleka askari mbele, na Wajerumani wakarudi nyuma. Waingereza wenyewe waliliandika jambo hilo kwa sifa, na bado iliwachukua zaidi ya miaka arubaini kumpa askari wa Kiafrika wa Kenya kamisheni kamili. Mombasa haikufikiwa. Nikiulizwa ni nani aliyeiokoa, sitaanza na jenerali yeyote.

Vya Tanga vinajulikana zaidi, basi tupite haraka: 2 hadi 5 Novemba 1914 Waingereza walishusha watu kama 8,000 dhidi ya Wajerumani na askari wao wasiozidi elfu moja na kitu, wakapigwa, nyuki wakawavamia baadhi yao, na jeshi likarudi Mombasa likiwa limeacha bunduki na risasi ufuoni.

Mwezi huo huo dola ya Uthmaniya iliingia vitani upande wa Ujerumani na kutangaza jihadi. Wajerumani walitumaini kwamba Waislamu wa pwani wataitikia. Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, ambaye bendera yake ndiyo iliyokuwa ikipepea ukanda wote wa pwani ya Kenya hadi Vanga, aliwataka watu wake wabaki upande wa Waingereza. Waarabu wa Wavell walibaki mahandakini.

Je, wajua kwamba kijiji kimoja karibu na Vanga ndicho kilichobadilisha namna kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivyopigana miaka yote iliyofuata? Kijiji hicho ni Jasin, sasa kiko Tanzania, hatua chache kutoka mpakani, na wakati ule palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Waingereza walikitwaa mwishoni mwa Desemba 1914, wakaacha hapo kombania chache za Kihindi. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck alikuja na kombania tisa. Waliokuwa ndani walipigana mchana kutwa, katika joto la pwani, maji yakiisha na risasi zikiisha. Kanali Raghbir Singh, kamanda wa askari wa Kashmir, aliuawa. Kesho yake asubuhi walijisalimisha. Lettow-Vorbeck aliwasifu maofisa wawili waliotekwa, Hanson na Turner, akawarudishia panga zao na kuwaachia waende kwa ahadi kwamba hawatapigana tena.

Hata hivyo ushindi huo ulimuumiza. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mkononi. Maofisa wake kadhaa walikufa, akiwemo Kapteni von Hammerstein aliyekuwa mtu wake wa karibu. Risasi 200,000 zilikuwa zimetumika, na hakukuwa na meli ya kuleta nyingine. Alipiga hesabu akaona kwamba akipigana vita vingine vitatu vya namna hiyo atakuwa amekwisha. Kuanzia hapo akageukia kuvizia, kuvunja reli na kukimbia, mbinu aliyoishikilia mpaka Novemba 1918. Mateso yaliyowafika watu wa Rufiji, Ruvuma, Msumbiji na Malawi yalianzia katika hesabu iliyofanywa hapo Jasin, kando ya Umba.

Waingereza nao waliogopa. Waliiacha Vanga na kurudi nyuma, na kwa mwaka mzima nchi kati ya Umba na Msambweni ikawa ya doria, mahame na hofu. Mazao yalibaki shambani, na wavuvi hawakujua ni nani watakayemkuta ufuoni.

Wavell alipona majeraha yake, akarudi kwa watu wake. Januari 1916 alikuwa Mwele, ile ile ya Mbaruk, na tarehe 9 aliviziwa msituni, akauawa pamoja na baadhi ya Waarabu wake. Katika miaka thelathini na minne msitu huo mmoja uliona majeshi ya Sultani, ya Malkia Victoria na ya Kaisari. Karibu na Fort Jesus mjini Mombasa upo mnara mdogo wa kumbukumbu ya Wavell na kikosi chake. Watalii huupita wakielekea ngomeni. Usimame hapo ukipata nafasi.

Tarehe 7 Julai 1916 Tanga ilichukuliwa, na pwani ya kusini ikawa salama. Lakini kwa watu wa Kwale, kama kwa Wakenya wote, mwaka uliofuata ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa sababu vita vilihamia kusini na vilihitaji mabega.

Je, wajua ni wangapi walibeba? Katika vita vyote vya Afrika Mashariki upande wa Waingereza pekee uliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, wake kwa waume wakihesabiwa wale wa muda mfupi. Hesabu rasmi inawataja karibu 95,000 kuwa walikufa, na watafiti wengi wanaamini kwamba walikuwa zaidi. Wachache sana waliuawa kwa risasi. Kuhara, malaria na kichomi ndivyo vilivyowamaliza, pamoja na njaa. Mtu aliyekulia nazi, muhogo na samaki alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, akalala kwenye mvua bila blanketi la pili, akaamka na mzigo wa ratili hamsini au sitini. Tumbo lilikataa. Walioanguka njiani wengi hawakuzikwa kwa majina yao, kwa kuwa karani aliyewaandika alikosea jina, au hakuandika kabisa.

Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, zipo sanamu tatu za shaba zilizotengenezwa na James Stevenson mwishoni mwa miaka ya 1920. Mmoja katika watu hao watatu hana bunduki. Ni mpagazi. Maneno yaliyo chini yao yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mombasa pia ina ukumbusho wa askari wa vita hivyo uliotengenezwa na mchongaji huyo huyo.

Na wajua mishahara ya waliokufa ilikwenda wapi? Mpagazi alikuwa na ujira wake, na alipokufa ujira huo ulikuwa haki ya jamaa zake. Maelfu ya jamaa hawakupatikana, kwa sababu orodha zilikuwa mbovu na hakuna aliyepita vijijini kuuliza kwa makini. Fedha zikabaki mikononi mwa serikali. John Ainsworth, aliyesimamia uandikishaji wa wapagazi Kenya kuanzia 1917, alishauri kwamba zitumiwe kwa faida ya Waafrika, na hoja hiyo ilirudiwa na wengine kwa miaka mingi baada ya vita. London ilikataa. Hazikulipwa.